Nimepiga hodi kwenye kiwanja changu mwenyewe

Jumanne, Agosti 1996

Sijui nani alinituma kupiga hodi.

Leo hakimu na wazee wawili wa baraza walikuja Mlabani kukagua kiwanja changu, ambacho Mwinuka alikivamia nilipokuwa Mlimba kwenye mpunga, akajenga vyumba viwili na choo. Barua ya kupewa kiwanja ninayo. Kesi ilikuwa yangu kabisa.

Tulipofika tu, neno likanitoka mdomoni kwa mazoea: "Hodi wenyewe!"

"Karibuni! Shikamooni wazee!" Mwinuka akatutolea viti, kisha wali kwa perege. Nikala sahani mbili, nikashukuru.

Hakimu akafungua faili. "Mdai, ile hodi ulimpigia nani?"

"Mwenye nyumba, Mheshimiwa."

Mzee mmoja wa baraza alicheka mpaka akapaliwa. Mwinuka mwenyewe aliinamisha kichwa, akaninong'oneza, "Pole, kaka."

Hukumu ni Ijumaa. Naogopa, maana sina kiwanja kingine cha kuwaachia wanangu. Mke wangu ameamua ataenda yeye mahakamani, mimi nibaki nyumbani. Anasema nikimwona tu Mwinuka, nitamwomba radhi kwa kumsumbua.