Polisi Aliniletea Kiti

Mama Aaron, kifuniko cha birika kimelia kabla ya alfajiri, nikadhani ni risasi tena.

Jana mtu mwenye bunduki aliingia shuleni kwa mjukuu wangu Rolande. Nilipofika mbio, polisi sita walikuwa wamesimama nje. Nje!

Mmoja aliniletea kiti, kwa upole kabisa. "Keti, maman. Tunangoja amri."
"Na watoto wanangoja nani?"
"Sheria hainilazimishi kuingia peke yangu."
Peke yake! Walikuwa sita!

Na mimi ndiye niliyemfundisha Rolande: ukiogopa, kimbilia polisi.

Aliyemwokoa ni Carine, mfagiaji wa shule. Aliwafungia watoto stoo, akasimama mlangoni mikono mitupu. Akapigwa risasi begani.

Jioni nilimpelekea supu hospitalini. Hakunishukuru, alining'ang'ania mkono tu.
"Kesho uje tena, maman. Uje na mtoto, nimwone."