Kikopo cha Volti Kumi

Jumatatu, 3 Juni

Leo baba mkwe kamvua nguo mwanawe hadharani! Shemeji, mdogo wa mume wangu, kaja karakana na mita mpya ya kupimia umeme, anaringa nayo. Kila asubuhi mita zote hupimwa kwanza kwa kigezo, kile kikopo cha bati kilichozibwa kwa risasi, cha kutoa volti kumi kamili. Mita isiyokubaliana nacho inabandikwa karatasi nyekundu: HAIFAI. Ya shemeji ikasoma kumi nukta mbili. Akasema kigezo ndicho kibovu. Mbele ya wateja! Mzee akachukua karatasi nyekundu, akambandika kwenye paji la uso. Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyeanza.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji kanuna kutwa. Mkewe, na mimba yake kubwa, kaosha vyombo analia. Alie tu. Wao wamepewa chumba cha nyuma, kipana, dirisha la mashariki. Sisi wakubwa tumesukumwa kwenye kichumba kando ya choo, na mume wangu hana neno — mpole mpaka anakera!

Mzee kasema Ijumaa watapima tena, fundi wa hospitali, ile tunayoipimia mashine zake, akiwepo. Mita ya shemeji ikikataa tena kukubaliana na kigezo, ahame na mkewe.

Alhamisi, 6 Juni

Mzee kaenda kung'oa jino, shemeji yuko kwa wateja. Nimekifungua kigezo!

Siku zote Mzee anatuambia: hewa ikiingia tu, kimekufa. Nilitaka kujua mapema nani ataumbuka. Nikayeyusha risasi, nikaungua kidole, kifuniko kikatoka. Nilitegemea kile kipande cheupe cha kauri chenye miguu ya dhahabu, alichotuchorea mara ngapi sijui. Hamna! Vipande vya redio mbovu, vimegandishwa kwa gundi. Na skrubu ndogo ya kurekebishia, imepakwa rangi ya kucha isizunguke. Nyekundu, ile ile ya marehemu mama mkwe.

Kumbe! Mzee alishakifungua zamani, akakiua, akajaza uchafu humo. Na mashine za hospitali tunazipima kwa huo uchafu! Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaogopa — shemeji alisema kweli.

Nimeziba upesi. Risasi inang'aa mno.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika chooni.

Mzee kashika kikopo, kaona risasi mpya. Nikasema moyoni, leo kapatikana. Wapi! Kamgeukia shemeji: umekifungua wewe, umekiua, mita yako isionekane mbovu. Shemeji kaapa kwa kaburi la mama yake. Mkewe kapiga magoti na tumbo lile. Fundi wa hospitali akasema basi kifunguliwe, tuone. Mzee akasema maiti haipasuliwi mbele za watu.

Kisha akakitazama kidole changu. Akakitazama sana. Anajua!

Akanisukumia funguo mezani. "Mpe mumeo. Karakana yenu, na chumba cha nyuma chenu. Au una neno, mkwe?"

Nikasema tumbo linaniuma.

Sasa shemeji anagonga mlango. "Shemeji, jana ulikuwepo kutwa. Toka uwaambie sikukigusa. Mke wangu tutamlaza wapi?"

Funguo ninazo. Lile dirisha la mashariki ni pana, lakini nadhani pazia langu la bluu litatosha.