Mpangaji wa Chumba cha Uani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na usingizi umerudi, maana mara ya mwisho uliandika kwamba vyote viwili vinakupa shida. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini kwa kuwa anakohoa huku anacheka, hatujamhesabia ugonjwa. Watoto ni wazima na wanakula kama wanashindana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba begani. Umeniuliza tena, kwa mara ya nne tangu mumeo afariki, kama mpangaji wa chumba chetu cha uani amehama ili uje ukae nasi. Umesema hutaki makubwa, ni kitanda tu na watu wa kula nao. Jibu utalipata humu humu, ila nakuomba unisome taratibu, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Kazi yangu unaijua. Nakaa mapokezi ya zahanati, nyuma ya kioo chenye tundu dogo chini, na kuanzia asubuhi mpaka saa tisa na nusu nauliza watu jina, umri na kinachowasumbua. Tundu lenyewe liko chini mno, kwa hiyo kila mtu lazima ainame, na nimegundua kwamba mtu akishainama anaona bora aseme yote. Nimeambiwa habari za matumbo, za wakwe, za waume waliotoka kununua sabuni wasirudi. Jumatatu wanapita mia moja na ushee. Nawaitikia wote, nawapa pole wote, na ananyanyuka mmoja anainama mwingine.

Nikifika nyumbani nakuta watoto wanne na wenzao wanne, maana siku hizi hakuna mtoto anayerudi peke yake. Jirani anaingia bila hodi, anakaa, anaanza hadithi katikati kana kwamba jana tuliiachia hapo. Jumapili kikundi chetu cha kina mama kinakutana kwangu, kwa sababu wanasema kwangu kuna raha. Nani alaumiwe? Wewe ndiye uliyenibandika jina la Chiriku nikiwa mdogo, kwa kuwa sikunyamaza hata nikiwa natafuna, na tangu hapo watu wote wanaamini nikinyamaza ninaumwa.

Dada, nimechoka. Sijui kuisema kwa namna nyingine. Siumwi, sijagombana na mtu, na hao wote nawapenda. Lakini mwaka jana ilifika mahali mtu akiniita jina tu, machozi yananilengalenga. Siku moja nilijifungia bafuni nikafungulia bomba ndoo ijae na kumwagika, wala sikuoga. Nilitaka tu kukaa na sauti isiyoniuliza kitu. Watoto walipogonga mlango kutaka kujua nitatoka lini, niliwajibu kwa ukali ambao hata wewe hujawahi kuusikia kinywani mwangu.

Sasa nikueleze jambo la wiki iliyopita. Kuna bibi mmoja anakuja zahanati kila Alhamisi. Anapanga foleni, anainama, anataja jina na umri vizuri kabisa, na nikimuuliza kinachomsumbua anataja mguu, au jicho, wiki nyingine mgongo. Daktari hajawahi kumkuta na kitu. Wiki iliyopita foleni ilikuwa ndefu nami sikuwa na subira, nikamwambia aniambie ukweli anachofuata pale. Hakukasirika. Akasema anaishi peke yake, na tangu Jumapili hakuna mtu aliyemuuliza lolote, kwa hiyo amekuja aulizwe. Nilimwandikia namba yake nikamwacha akae kwenye benchi na wengine. Siku nzima niliyoambiwa baada ya hapo sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe kwenye lile benchi, na goti lako.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia tena kwamba mpangaji bado yupo. Dada, hakuna mpangaji. Hajawahi kuwepo hata siku moja.

Baada ya ile siku ya bafuni, shemeji yako alihamisha magunia na baiskeli mbovu kutoka chumba cha uani, akaingiza kitanda na kiti kimoja, akanipa ufunguo. Akasema kila siku nikitoka kazini nipumzike humo nusu saa, na yeye atawazuia watu. Akapiga marufuku nyumba nzima kubisha hodi. Ulipoandika mara ya kwanza kuuliza kama chumba kinaweza kukufaa, nilikuwa nina miezi miwili tu ya kukaa kimya, nikaogopa kunyang'anywa. Nikakuandikia kwamba tumempangisha fundi saa, mtu mpole, hana makuu. Wewe ukaanza kumtumia salamu. Nami, mshenzi, nikakujibu kwamba amezipokea na anakushukuru. Ulipouliza anakula wapi, nikamtafutia mahali pa kula.

Halafu ukamtumia foronya mbili ulizozidarizi mwenyewe kwa mkono, na kikaratasi kwamba huyo naye ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao. Foronya hizo nimezilalia mimi. Nimekulaza wewe mjane kwenye nyumba tupu, kwa ajili ya mtu niliyemtunga. Naona aibu, dada, na aibu hii haina mtu mwingine wa kubeba nusu yake.

Na bado sijamaliza. Nusu saa ile ilikuwa dawa kweli. Nilikuwa natoka humo nikiwa na uso wa kutazamana na watu, nacheka na jirani kicheko changu mwenyewe. Lakini sikuishia kwenye nusu saa. Ikawa saa nzima, ikawa saa mbili, mwisho nikawa naingia saa kumi natoka saa moja chakula kikiwa mezani, kimepikwa na mwanangu mkubwa. Uchovu ulikwisha zamani, kilichobaki ni uchoyo.

Wiki mbili zilizopita binti yangu wa mwisho amevunja ungo. Nimeambiwa na jirani. Mtoto alisimama nje ya mlango wangu muda mrefu, kisha akaenda kwa jirani, naye ndiye aliyemwelekeza, akampa vya kutumia, akamtuliza. Nilipomuuliza mtoto kwa nini hakubisha hodi, alinijibu bila kinyongo chochote kwamba wao walishaambiwa, mama akiwa humo hayupo. Nimelia, dada. Yule jirani ninayemkimbia nimemwendea nikamshukuru, tukakaa mpaka chai ikapoa, nami sikutamani kuondoka.

Kwa hiyo nimezungumza na shemeji yako na tumekubaliana. Chumba ni chako. Watu wa kula nao wapo, wengi kuliko unavyowakumbuka, na huyo jirani pekee anatosha kukujazia siku nzima. Bibi wa Alhamisi nitakukutanisha naye, mkaulizane mpaka mkinai. Mimi ninaomba kitu kimoja. Ile nusu saa bado naihitaji, sitakudanganya tena kwamba siihitaji. Nikirudi kazini nitaingia humo humo chumbani kwako, nitakaa kitini, na wewe udarizi kitandani. Mlango utakuwa wazi, na mtoto akinihitaji ataingia. Ikiisha nusu saa, mimi mwenyewe nitakuuliza umeshindaje.

Ukikasirika una haki yako. Ukinijibu kwamba huji, nitaitunza hiyo barua na kuisoma kila nikijiona mwema. Lakini usije kimya kimya ukajifanya umesamehe, nakujua. Njoo na hasira zako zote. Siku ya kwanza utaniambia kila kitu, nami nitainama nikusikilize mpaka umalize.

Shemeji yako na watoto wote wanakuamkia. Mdogo wao anasema mama mkubwa akija atalala naye kitanda kimoja, na hajamwomba mtu ruhusa. Nisalimie majirani zako, uwashukuru kwa kukutazama mahali nilipopaswa kuwepo mimi.

Nasubiri jibu lako, liwe lolote.

Mdogo wako,
Chiriku