Kabati la Dawa Tulizozikataa

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na kazi za wodini. Natumaini u mzima, ingawa siku hizi neno hilo naliandika kwa woga. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua bado, lakini ulimi haujambo kabisa. Kila siku ananiuliza umekula nini, kana kwamba nakuona.

Barua yako ya pili nimeipata. Unasema mmeletewa tena watu thelathini kutoka vitani, hawana jeraha hata moja, mate yanawatoka, pumzi zimewabana, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Unasema pia yule nesi mcheshi mliyemwita Redio amekufa, siku moja baada ya kuwavua nguo wa kwanza kati ya hao thelathini.

Sikiliza kwanza. Wavulieni nguo nje, kwa glavu nene za mpira, siyo zile nyembamba za wodini. Waosheni kwa maji mengi. Wachomeni sindano za atropini, ndiyo tiba yake, mrudie bila woga mpaka kifua kikauke.

Utauliza nimejuaje. Kazi yangu unaijua: kupima dawa za wadudu zenye fosforasi kabla hazijawafikia wakulima. Iliyoua wadudu tu tuliipitisha. Iliyoweza kuua na mkulima tuliikataa, faili lake likafungiwa kwenye kabati la kijivu. Nilijivunia kabati lile kuliko cheti changu. Mwaka juzi wakaja wageni, viatu vya kijeshi vinang'aa. Mkuu wangu akawaonyesha dawa zetu bora, wala hawakuzitazama. Wakasema wanataka zile zilizokataliwa. Niliwafungulia mimi, nikawachagulia na faili la sumu kali kuliko zote, lenye mwandiko wangu. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo, nami nikajitia hamnazo.

Sasa lililonikaba. Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua palepale. Dalili zote ulizoniandikia nilishaziandika mimi, kwa mpangilio uleule. Lakini nilikujibu kwamba huenda wamekula chakula kibovu. Niliona nikikutajia tiba, utajua na sumu imetoka wapi. Siku niliyokuandikia uongo ule, Redio alikuwa hajamgusa hata mgonjwa mmoja wa sumu hii.

Wakubwa wako wakiitaka barua hii, wape. Mama anakusalimu sana, hajui nilichoandika. Wape pole wenzako kwa kifo cha Redio, lakini usiseme pole hiyo imetoka kwangu.

Ni mimi, kaka yako.