Moto Uko kwenye Bodi

Jumapili, Mikumi. Masika. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika sasa hivi.

Nisamehe, shajara yangu, nimekuacha muda mrefu mno. Mara ya mwisho Zuhura alikuwa hajaota jino, na sasa ananing'ata akinyonya. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nachoka tu. Nikimbembeleza alale, mimi ndiye ninayetangulia.

Barabara kuu iko kimya. Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kutembea, ili kuokoa petroli. Ukimya ukizidi hivi, nasikia hata matone yakidondoka kwenye turubai la gari letu.

Ni gari dogo jekundu la viti viwili, la mbio, si la kubebea mizigo. Lilikuwa la meneja mmoja wa mashamba ya mkonge kule Kilosa. Alipoondoka nchini aliliacha bovu, na mume wangu, aliyekuwa fundi pale, akalichukua kama chuma chakavu akalifufua kidogo kidogo. Harusini kwetu tulikwenda nalo. Sasa yeye yuko Mlimba, karakana ya reli, na gari liko hapa na mimi. Viti viwili, na sisi tumekuwa watatu. Alipokuwa anaondoka alisema akirudi atatafuta namna ya kuongeza kiti.

Majirani wanasema waliokwenda Mlimba hawarudi, huko wanapata wapishi wengine.

Mimi naendelea kuchota maji. Lakini nasikia.

Mawe ya redio, zile betri ndogo, yameadimika, duka la kijiji halijaleta tangu mavuno yaliyopita, na redio yetu ya mezani imekaa bubu. Uvunguni kuna redio ya gari ambayo Baba Zuhura aliitoa kwenye lori lililopinduka. Nikamwandikia kwamba nitaifunga mwenyewe kwenye gari, itumie betri ya gari. Nimemshikia tochi miaka yote ile, najua waya gani unakwenda wapi. Barua haikujibiwa. Nikakaa nayo moyoni.

Halafu wiki hii akapita dereva wa lori kutoka Mlimba. Akasema, "Shemeji, jamaa yako anasema Jumamosi alasiri usikilize salamu redioni. Usikose." Basi. Hakuniambia zaidi, na mimi nikaona haya kumuuliza kama mume wangu amenenepa.

Nilifanya kazi ile nikiwa na mtoto mgongoni. Baba Zuhura hapendi waya uonekane, kwa hiyo na mimi sikutaka uonekane. Nilifungua dashibodi, nikaupitisha waya mpya sambamba na zile za zamani, nikazifunga pamoja kwa vipande vya kanga iliyochakaa, nikachomeka fyuzi mahali mkono unafika. Spika niliificha chini, miguuni pa abiria. Ukichungulia ungedhani redio imezaliwa na gari. Nilijisikia vizuri, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jana alasiri nikamkalisha Zuhura kwenye kiti cha baba yake, nikawasha.

Tap. Fyuzi imekwenda.

Nilifuata kila kitu kama nilivyofundishwa. Chanya ndiyo yenye moto, yaani umeme, hasi inafungwa kwenye bodi, chuma chenyewe cha gari. Nilikagua tena na tena, sikuona kosa. Na fyuzi ya akiba sina.

Yule dereva alikuwa akirudi, amesimama hapo barabarani anabadilisha gurudumu. Akaja kuchungulia. "Hiyo ndogo, shemeji. Viringisha karatasi ya sigara, ile inayong'aa, weka hapo. Utasikia salamu zako sasa hivi."

Najua wengi wanafanya hivyo. Na saa ya salamu ilikuwa imefika. Lakini Baba Zuhura hakuwahi kukubali karatasi ya sigara kwenye gari lake. Fyuzi ikikatika, alisema, inakuambia kitu, usiizibe mdomo. Nikamwambia dereva asante, sitaki.

"Wewe na mumeo wote vichwa ngumu," akasema, akarudi kwenye gurudumu lake.

Duka la kijiji lina redio inayotumia betri ya lori, lakini mvua ilikuwa imeanza kumwagika na mtoto ana kifua. Nikakaa ndani ya gari na redio bubu. Nililia kidogo. Zuhura alinitazama kama anatazama mgeni.

Mvua ilipopungua akaja Mama Sikudhani, jirani yangu, ndiye mwenye maneno yale ya wapishi. Alikuwa anacheka tangu mbali. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Marahaba, marahaba. Umesalimiwa, mwanangu! Duka zima tumesikia. Mumeo wa Mlimba anakusalimu wewe na Zuhura wake. Halafu ujumbe wake, jamani, mtu mzima! Eti anasema, 'Mke wangu usisahau, moto wa gari letu uko kwenye bodi.' Wanaume wamecheka mpaka mmoja kamwaga chai. Moto gani huo, mwenzetu? Kwenye bodi ipi?"

Nilicheka na mimi, kwa aibu. Kisha nikaacha kucheka.

Gari la yule meneja limefungwa kinyume na malori yote. Chanya ndiyo iliyoshikwa kwenye bodi. Aliwahi kuniambia, zamani, nikiwa nimeshika tochi na kuwaza mambo mengine. Barua yangu ilifika. Akaona nitakosea wapi, akaona barua itachelewa na dereva atageuza maneno, akanitumia jibu kwa njia ya haraka aliyonayo, kupitia redio ambayo ningeisikia tu kama nisingekosea.

Na ningeweka ile karatasi ya sigara, redio ingeungua kabisa.

Sikumweleza Mama Sikudhani. Acha waendelee kucheka na moto wao. Mikumi nzima ni mimi peke yangu niliyeelewa, na leo kutwa nimeona raha na upweke kwa pamoja, kwa sababu sina wa kumsimulia ila wewe.

Kesho basi linakwenda Kilosa. Nitamwagiza kaka yangu, anayekaa jirani na stesheni, anitumie hivi: fyuzi, zisipungue tatu. Waya mweusi, urefu wa kutoka mlangoni kwake hadi uani. Tyubu ya baiskeli iliyotoboka, nikate mpira wa kutenganisha redio na bodi. Utepe wa umeme, maana kanga zimekwisha. Dawa ya kifua ya mtoto. Bahasha na stempu ya Mlimba.

Na Baba Zuhura nitamwandikia kiti asitafute. Zuhura atakaa mapajani kwangu.