Maua ya Saruji Kabla ya Mvua

Jumamosi jioni, Bariadi. Joto la leo ni lile la kungoja mvua. Mawingu yamesimama upande wa ziwa tangu mchana, wala hayasogei.

Nimekaa kibarazani natazama maua, na sina raha.

Maua yenyewe ni ya saruji. Marehemu mume wangu aliyachora kwenye sakafu ya kibaraza hiki mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu na chama cha ushirika. Kabla ya hapo saruji ilikuwa ya kibali. Mwaka ule tukaikuta dukani kama sukari, pamoja na rangi nyekundu ya unga. Sakafu ikiwa bado mbichi alikandamiza petali kwa mgongo wa kijiko, na katikati ya kila ua akagonga mdomo wa chupa ya soda. Majirani walipita wakisema huyu kalima pamba, sasa anavuna maua.

Kila mwaka kabla ya mvua aliyahudumia. Alisugua ukungu kwa brashi, akaziba nyufa kwa uji wa saruji, akafunika magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni mpaka saruji ikomae. Kulowesha huko alikuita kunywesha. Alisema anakwenda kunywesha maua, kama mtu mwenye ng'ombe kisimani. Mimi niliyemaliza darasa la saba nilikuwa nikimsahihisha: ng'ombe hunyweshwa, maua humwagiliwa. Alicheka, akaendelea kunywesha.

Huu ni msimu wa kwanza bila yeye.

Juzi niliziba nyufa mwenyewe na kufunika magunia. Jana ikanibidi niende Nkoma kuangalia shamba, nikalala huko. Wifi yangu, dada yake marehemu, yuko hapa kutoka Nassa, amekuja kukaa nami. Wakati wa kutoka nilimwachia neno moja tu, anisaidie kumwagilia maua.

Akamwagilia. Yale yaliyopandwa kwenye makopo. Niliporudi leo makopo yote yalikuwa yakivuja maji, na magunia ameyaanua, ameyakung'uta na kuyakunja vizuri pembeni. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa ukavu. Viraka vyangu vimepasuka, vimeinuka kingo. Nilipogusa kile cha karibu na ngazi kikatoka chote, na petali mbili za mume wangu zimeng'ang'ania chini yake.

"Wewe si umesema kumwagilia," wifi alisema. "Ungesema kunywesha ningejua. Kaka hakuwahi kuiita jina lingine. Hata kwangu Nassa alininyweshea ngazi."



Akaongeza polepole kwamba kwa Kiswahili changu hiki cha darasani iko siku nitamtuma akamwagilie mbuzi. Tukacheka wote wawili. Halafu akaokota vile vipande, akavifunga kwenye pindo la khanga yake, akaingia ndani. Nilimsikia akipenga kamasi.

Viraka vinaweza kurudiwa. Magunia tayari tumeyalowesha. Linaloniuma ni kwamba miaka yote ile nilisimama hapa na ndoo, nikamletea maji, nikamsahihisha maneno, na sikuwahi kumwomba kile kijiko nijaribu. Leo nimejaribu kwenye mchanga. Petali yangu inatoka kama unyayo wa bata.

Fundi wa mjini anasema aweke vigae, viko vyenye maua tayari. Nimemwambia hapana. Wifi anasema nisichore kitu, nijaze saruji tu pale karibu na ngazi, anayepita ajue hapo palikuwa na mkono wa mtu na sasa haupo.

Nadhani ana haki.

Mvua ikitusubiri, nitakoroga saruji asubuhi. Ila nikifika pale, nitaweza kweli kupitisha mwiko pakawa laini tu, bila kitu?