Vyuma Havitoki Mtaroni

Mpendwa Hooyo, mama yangu,

Nimekaa kwenye tuta la mtaro, pale ulipopenda kupumzika na mbuzi wako. Kamati ya shamba imesema leo baada ya adhuhuri itakuja na majembe kuvitoa vyuma vyangu. Waje.

Unakumbuka maji ya bwawa yalipogeuka kijani? Mbolea ya shamba la vitunguu ilikuwa ikiteremka na maji ya mtaro hadi bwawani wanakonywa mbuzi, na mbuzi wako wanne wakafa wiki moja. Mwenyekiti wa kamati akasema ni ugonjwa. Ukamjibu mbele ya wanaume wote, "Mimi najua mbuzi yangu. Hii ni maji." Wakacheka. Mimi nilinyamaza, Hooyo, na mpaka leo naona aibu.

Tulipokwisha kukuzika, afisa mmoja wa kilimo alinieleza kwamba chuma chenye kutu hunasa ile mbolea. Basi nikaenda kwa mafundi wa vyuma wa Garissa mjini, nikaomba vile vipande vya chuma vilivyojikunja wanavyovifagia chini ya mashine na kuvitupa. Punda akabeba magunia, nami nikavimwaga mtaroni vivyo hivyo. Kumbe vilikuwa vimelowa oili! Mbuzi walinusa bwawa wakageuka, na watu wakapata cha kuchekea.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. "Kwanza moto, maziwa baadaye," ulikuwa ukiniambia, huku ukinichapa mkono kwa haraka zangu. Nikavitoa vyote, nikavichoma kwa kuni mpaka oili ikaisha, nikaviosha, nikavirudisha.

Msimu mzima sasa bwawa halijawa kijani. Yule mbuzi wako wa sikio lililokatika, mwenye madaha kuliko wote, anakunywa mpaka anapiga chafya. Lakini kamati inadai wanunuzi wa vitunguu wakiviona vyuma watasema shamba lina sumu. Sumu ilipowaua mbuzi wako hawakuiona.

Jana mwenyekiti aliniambia, "Wewe binti, toka hapo, wacha maneno mingi." Nikamwambia sijaanza.

Nawaona wanakuja, majembe begani. Nimevua viatu, nimeshuka mtaroni, nimesimama juu ya vyuma. Safari hii sinyamazi, Hooyo.

Mungu akurehemu.

Binti yako, niliyechelewa kusema